Petroli Iliyoliwa na Ng'ombe

Kama ulisaga mahindi Ekalakala miaka ile, basi ulisagiwa na mimi. Kinu changu ndicho kilikuwa cha kwanza upande wetu wa soko kuwa na sakafu ya simiti, na simiti yenyewe hakuna mtu wa kunifundisha, kwa maana niliibeba mgongoni Athi River ujana wangu wote, mifuko ikitoka kiwandani ingali na moto. Shule niliacha darasa la nne. Wale tuliokaa nao dawati moja wakaendelea mpaka mwisho, leo wakinikuta sokoni wananisalimia kwa mikono miwili. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Ni vile ilivyo.

Lakini kinu cha dizeli kinachosha mtu. Umeme ulikuwa umeishia mbali na sisi, na nguzo tulizoahidiwa tulizisikia kwenye mikutano tu. Kwa hivyo kila dizeli ikiisha ilinibidi kukodi pikapu, nipakie mapipa, niende Matuu, nipange foleni, nirudi kwa barabara ile ya mawe nikiwa nimeshikilia pipa lisianguke. Nikifika nyumbani mgongo unauma mahali palepale simiti ilipoketi zamani. Mke wangu alikuwa akiniwekea chakula mlangoni. Alisema nikiingia ndani, ugali wote unanuka taa ya koroboi.

Ndiyo maana yule daktari alipokuja na habari ya mtama, nilimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mhubiri.

Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtaalamu wa mimea, mama wa makamo kutoka mkoa wa Magharibi, anayefanya kazi kwenye kituo cha utafiti. Lakini dereva wake alipomwita "daktari" pale sokoni, bibi mmoja alikuja akaketi mbele yake na kufunua goti. Yule mama hakumfukuza. Alilitazama goti, akasema, "Pole, mwaitu, mama yangu, mimi natibu nyasi." Watu wakacheka, na kutoka siku hiyo akawa mtu wetu.

Alitembea mashamba mengi kabla ya kufika kwangu. Alipenda matuta yangu ya fanya juu, yale ambayo mchanga unachimbwa na kutupwa upande wa juu ili maji ya mvua yasimame. Alitoa kwenye begi kipande cha bua la mtama, akakimenya kwa meno na kunipa. Nikatafuna. Kilikuwa kitamu kama muwa.

"Mzee, huu mtama una sukari kwenye bua," akasema. "Tunakamua maji yake, tunayaacha yachachuke, tunayachemsha. Ule mvuke ukipoa unakuwa spiriti. Spiriti inaendesha injini."

"Hiyo ni chang'aa," nikasema.

"Ni ndugu yake."

"Na masuke?"

"Masuke unakula. Ndiyo raha yake. Juu ugali, chini mafuta."

Juu ugali, chini mafuta. Maneno hayo niliyabeba mpaka sokoni kabla hata gari lake halijafika lami. Nilimwambia kila aliyeleta debe la mahindi kwamba siku si nyingi kinu changu kitakuwa kikinywa mtama. Naibu wa chifu alikuwa ameegemea mlango. Akasema, "Wewe chemsha tu hiyo, nitakuja kukufunga na hilo sufuria." Mwingine akauliza kama gari lililolewa litaruhusiwa barabarani polisi wakiangalia. Kabla ya jioni nilikuwa nimepewa jina, Bwana Petroli. Walidhani wananitania. Mimi nililipenda.

Na jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Daktari na wenzake wa kituo walichagua mashamba matatu, langu, moja la kule Masinga karibu na bwawa, na lingine ng'ambo ya mto. Wangepanda mtama wa aina nyingi, msimu baada ya msimu, wakichagua. Mwishoni kungekuwa na siku ya kupima mabua. Shamba ambalo lingetoa mabua mazito zaidi lingepewa mashine ya kukamua, pamoja na injini yake ndogo ya spiriti, na mwenye shamba angeruhusiwa kuifunga kwenye kinu chake. Nilimuuliza daktari mara mbili kama nimesikia vizuri. Nilikuwa nimesikia vizuri. Mapipa, Matuu, foleni, mgongo, vyote vingeisha.

Mke wangu hakufurahi. Matuta yale ya chini, ambayo daktari aliyachagua, ndiyo yalikuwa mazuri kuliko yote. Yalichimbwa na mwethya, kile kikundi cha akina mama wa kijiji wanaokwenda shamba moja leo na lingine kesho, na mama yangu mzazi alikuwa ndani ya kikundi hicho na jembe lake.

"Unapanda petroli mahali mama yako alipanda mbaazi," akaniambia.

"Mama yangu angekuwa na kinu, angepanda petroli."

"Mama yako angekuwa na kinu, angeajiri mtu wa kukiendesha, akalala."

Nilipanda.

Nimefanya kazi nyingi, lakini ile ya kuchagua mtama ilinishangaza. Watu wanafikiri mbegu nzuri inatoka dukani. Yule mama alitembea kwenye mistari akiinama mmea kwa mmea. Ulio mfupi, anang'oa. Wenye ugonjwa wa majani, anang'oa. Mwingine ulikuwa mzuri kabisa machoni pangu, mnene, wa kijani, akaung'oa. Nikamshika mkono. "Huu umekukosea nini?" Akaniambia umechelewa kuchanua, na mvua yetu haingoji anayechelewa. Nilitaka kulia. Mtu aliyelala njaa utotoni hawezi kutazama chakula kibichi kikitupwa kando.

Kabla masuke hayajachanua alikuja na mifuko ya karatasi ya kahawia, akayafunika moja moja na kufunga kwa pini. Alisema upepo usilete vumbi la maua kutoka kwa muvya wa majirani, ule mtama wetu wa kawaida, damu zikachanganyika. Basi ikawa sherehe barabarani. "Mtama wa Petroli umevaa kofia." "Unaenda kanisani." "Si kanisani, umeajiriwa hoteli." Jirani yangu wa upande wa juu, tuliyechunga naye mbuzi, tukatahiriwa mwaka mmoja, alikuwa akipita na ng'ombe wake anavua kofia yake na kuamkia mistari yote. "Shikamooni," anasema. Kisha anavaa kofia na kuendelea.

Daktari alikuwa na kifaa kama darubini ndogo. Alikamua tone la maji ya bua juu ya kioo chake, akakielekeza kwenye jua na kuchungulia, na ndani kulikuwa na mstari unaoonyesha sukari ni kiasi gani. Aliniachia nichungulie. Niliona rangi ya buluu. Nikasema nimeelewa. Baadaye nilianza kushindana na kile kifaa kwa ulimi wangu, natafuna, nataja namba, naye anachungulia. Nilikosea mara nyingi kuliko nilivyopatia, lakini sokoni nilisimulia zile nilizopatia.

Kwenye kingo za matuta alipanda majani marefu ya aina tatu, yenye shina gumu kama mwanzi mwembamba. Haya nayo alikuwa akiyachagua, apate yanayokua haraka kwa maji kidogo ili yakaushwe na kuchomwa jikoni mwa mashine, yachemshe ule mtama. Jirani yangu aliyashika, akayakunja, akasema ng'ombe wake hawangekula kitu hicho hata wakiombwa radhi.

Adui yangu mkubwa hakuwa ndege, maana zile kofia ziliwasumbua hata ndege. Adui alikuwa meno. Kijiji kizima kilijua mabua yangu ni matamu. Asubuhi nilikuwa nikitembea njiani nikitazama makapi yaliyotemwa, nayafuata hadi nijue ni nani alitafuna. Siku moja makapi yalinipeleka mpaka mlangoni kwangu. Mke wangu alikuwa akichambua maharagwe, shavu limevimba.

"Unatafuna nini?"

"Napima sukari," akasema.

Msimu wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kila mara mbegu bora zilirudishwa ardhini, na mabua yakaongezeka unene. Daktari alianza kuniambia kwamba tuta langu la chini kabisa lina mstari ambao hajaona mfano wake kwenye mashamba yale mengine mawili. Nilianza kupima mahali pa kuweka mashine. Nilibomoa kibanda cha kuku.

Kisha ukaja msimu wa kupima, na mvua ikatuacha. Ilinyesha mwezi wa kumi na moja, ikatulowesha tukapanda kwa haraka, halafu ikaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Mahindi ya kila mtu yalikauka yakiwa magotini. Mtama wangu ulikunja majani ukangoja. Ilikuwa ajabu kuutazama. Kijiji chote rangi ya chai ya maziwa, na pale chini kwangu kuna kitu kijani kimesimama juu kuliko mtu.

Mifugo ilianza kufa. Wafanyabiashara Wasomali walikuja kutoka mjini na lori lao kutafuta ng'ombe wa kununua, wakatazama mbavu kwa dirisha, wakageuza lori bila kushuka. Jirani yangu alibaki na ng'ombe wawili, mmoja akiwa na mimba. Kila siku aliwapeleka bwawani kunywa, safari ndefu, na kila siku alipita kando ya ua wangu wa miiba. Hakuvua kofia tena. Alipunguza mwendo tu, ng'ombe wakanyoosha shingo kuelekea mabua, naye akawagusa na fimbo taratibu wakaendelea.

Hakuniomba hata siku moja. Hilo ndilo lilinichosha. Mtu akikuomba unaweza kumkatalia, ukakasirika, ukalala. Nilikuwa na majibu tayari kwa ajili yake, mazuri, ya kitaalamu. Niliyabeba kila siku na sikupata mahali pa kuyatua.

Siku moja daktari alinipigia. Simu ya mkono wakati ule ilishika mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya josho, na saa za kwenda kusikiliza zilijulikana. Nilisimama pale, sikio moja nimeliziba kwa kidole.

"Mzee, masuke yamekomaa?"

"Yamekomaa."

"Basi vuneni, mkaushe. Sisi tutakuja wiki hii kuchukua yaliyobaki."

Nilirudi nikamwambia mke wangu maneno hayohayo. Daktari amesema tuvune, atakuja wiki hii kuchukua yaliyobaki. Sikuongeza, sikupunguza. Yeye akaenda kuita mwethya. Mimi nikaenda Matuu, kwa sababu mahindi ya msaada yalikuwa yamegawanywa, watu wamejaa kinuni na magunia, na dizeli imeisha. Niliamini kwamba ndiyo safari ya mwisho. Hata dereva wa pikapu nilimwambia atafute mteja mwingine.

Sasa ni lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Huku kwetu kuvuna ni kukata suke. Akina mama wanapita na visu, wanakata vichwa vya mtama, wanajaza vikapu. Kikapu cha mwisho kikitoka, kiongozi wa mwethya anashika lile tawi la miiba lililofunga mlango wa shamba, analivuta, analitupa kando. Basi. Kuanzia hapo shamba halina ua mpaka mvua nyingine. Mabua yaliyosimama ni ya ng'ombe, wako na wa jirani, anayefika kwanza. Hakuna anayeomba ruhusa na hakuna anayeitoa. Nimeona hivyo tangu nikichunga mbuzi, na nimewahi kuvunja mguu nikikimbilia shamba lililofunguliwa ili mbuzi wetu wawe wa kwanza.

Niliporudi kutoka Matuu nilisikia kengele za ng'ombe kabla sijaona kitu. Tawi la miiba lilikuwa njiani. Pikapu ikasimama. Ng'ombe wa kijiji chote walikuwa kwenye matuta yangu, wale waliobaki, mifupa inayotembea, na walikuwa wakila kwa sauti. Bua lenye maji linapovunjwa na meno ya ng'ombe linalia. Tuta la juu lilikuwa limekwisha. La katikati limekwisha. Hata yale majani magumu ya kingoni yalikuwa yameng'atwa mpaka chini. Akina mama wa mwethya walikuwa wameketi na vikapu vyao, wamechoka, wakinitazama nikija kama mtu anayekuja kupongezwa.

Tuta la chini lilikuwa bado. Ule mstari ambao daktari hakuuona kwingine ulikuwa umesimama wote, bila masuke. Na ng'ombe wawili wa jirani yangu ndio walikuwa wakiuteremkia.

Niliruka matuta na magoti haya. Nikasimama mbele ya mabua, mikono nimeipanua, nguo zimelowa dizeli. Yule ng'ombe mwenye mimba alikuja mpaka karibu, akaninusa kifuani, akapiga chafya. Hakuondoka. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba tumbo lile lilionekana kama mzigo aliofungiwa na mtu mwingine.

Jirani yangu alikuwa ameketi ukingoni. Alitazama uso wangu, akaelewa kwamba kuna kitu kimeharibika, ingawa hakujua ni kitu gani.

"Si wamevuna?" akauliza.

"Wamevuna."

"Basi kuna nini, Petroli?"

"Hayo mabua ndiyo petroli."

Aliutazama ule mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. "Na haya tuliyokula?"

"Hata hayo."

"Asa," akashangaa polepole. Kisha akaanza kuinuka, mkono mmoja kwenye fimbo. "Ngoja niwatoe."

Nyuma yake niliona mke wangu amesimama, mkono mdomoni. Na mimi nilikuwa hapo, mtu ambaye sokoni alisema ataendesha kinu kwa mtama, nimesimama nikishindana na ng'ombe mwenye mimba. Kama angebishana nami ningeshinda. Nilikuwa na haki yote. Lakini alikuwa tayari ameshika pembe ya yule wa pili, anamgeuza, na ng'ombe alikuwa hataki kugeuka, naye hakuwa na nguvu za kumlazimisha. Wazee wawili na ng'ombe wawili, na hakuna hata mmoja mwenye nguvu.

"Kaa," nikamwambia. "Wacha wamalize."

"Umesema ni petroli."

"Nimesema kaa."

Nikatoka mbele ya mabua. Sitajifanya mtu mwema. Nilikuwa nimechoka, na mashine ilikuwa imeshakwenda pale tuta la juu lilipokwisha. Mstari mmoja haungeshinda mashamba mawili. Niliketi ukingoni karibu naye tukatazama. Ng'ombe hupenda kuanzia katikati ya bua. Sikuwa najua.

Daktari alikuja na mizani kubwa ya kuning'iniza, na vijana wawili wenye mapanga makali. Alisimama ukingoni, akatazama vishina na kinyesi.

"Mabua yako wapi?"

Mke wangu ndiye alimjibu, kwa heshima kabisa. "Si ulisema mtachukua yaliyobaki, mwaitu? Haya ndiyo yaliyobaki."

Daktari aliketi juu ya sanduku la mizani yake. Nilifikiri analia, kumbe ni ile hali ya mtu ambaye hajui kama acheke. "Nilisema yaliyobaki," akajiambia. "Nilisema mwenyewe." Akauliza masuke. Yalikuwa yote kwenye paa la ghala yakikauka, lundo moja, na zile kofia za karatasi zilizoandikwa namba zilikuwa zimetumika kuwashia moto wa chai ya mwethya. Alichambua lundo kwa saa nyingi, akachukua masuke machache ambayo alisema anayafahamu kwa sura. Tulimpa chai. Aliinywa yote.

Mashine ilikwenda Masinga. Nilikwenda kuiona mara moja, nikajifanya nimepita tu. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyoieleza sokoni.

Mvua ya masika ilikuja, kidogo, na vile vishina vikachipua tena, kama mtama wetu unavyofanya ukiachwa ardhini. Yule ng'ombe alizaa. Jirani yangu alikuja asubuhi moja, kofia mkononi, na safari hii aliomba. "Nipe ile mbegu ya petroli. Yoyote. Hata ile iliyochanganyika." Nikampa. Baada yake wakaja wengine, na mpaka naibu wa chifu, aliyesema anachukua kwa uchunguzi.

Mimi nilijenga upya kibanda cha kuku. Dereva wa pikapu alinirudia bila kuniuliza kitu, na hilo namshukuru. Bado naenda Matuu. Siku nyingine narudi na mapipa yangu, nimekaa nyuma nimeyashikilia, nakuta msichana ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati ule, kichwani ana mzigo mkubwa wa mabua ya kijani anapelekea ng'ombe wa kwao. Namuuliza amebeba nini.

"Petroli," ananijibu, wala hacheki. Kwake ni jina la majani tu.

Dereva anapunguza mwendo, tunampisha.